Maiti wa Barabara ya Salamabila

Simu ya setilaiti ya Thuraya ilitetemeka ndani ya kitenge cha Arlette.

"Mzigo umetoka Kasongo," alisema Christophe, mkuu wake wa upelelezi. "Bunduki. Zikifika Salamabila, wachimbaji watafukuzwa kilimani kwa risasi. Uzizuie."

"Zinapita na nini?"

"Pikipiki. Zaidi ya hapo sijui."

Laini ikakatika.

Kwenye kilima hicho alikuwemo Raphaël, mdogo wake wa tumbo moja, akichimba dhahabu pekupeku. Kampuni ya wageni ilikitaka kilima chote. Mwenye nacho huongezewa, hata kwa mtutu wa bunduki, na jambo hilo lilimkasirisha Arlette.

Alikaa kwenye kizuizi cha barabarani cha kijiji cha Wamaza akijifanya muuza mawese, bastola ya Makarov chini ya kikapu. Alimshuku kila aliyepita: muuza samaki, mchungaji, hata mama mjamzito.

Ikaja pikipiki ya TVS yenye tawi la majani mbele, alama ya msiba.

Nyuma, jeneza. Watu wakavua kofia.

"Ni mayiti ya nani?" Arlette akauliza.

"Kaka yetu Kasimu," akajibu abiria mwenye kanzu, aliyejiita Heri. "Tunamurudisha kwao."

Jeneza lilipigiliwa misumari pande zote. Gurudumu la nyuma lilibonyea kupita kiasi. Lakini nani athubutu kufungua jeneza la mtu mbele ya kadamnasi? Kama ndani mna maiti kweli, angepigwa mawe kabla hajajieleza.

Akamgeukia shehe wa Wamaza.

"Shehe, huyu ni ndugu yenu. Hamutamusalia?"

"Tutamusalia, mama."

"Tuko na haraka!" Heri akadakia.

"Sala ya mayiti haikawishe mutu," shehe akamjibu. "Simama hapa, karibu yangu."

Wanaume wakapanga safu. Takbira ya kwanza.

Ya pili.

Heri akainama, mikono magotini.

Safu nzima ilibaki wima.

Wamaza nzima, Waislamu kwa Wakristo, inajua kwamba sala ya maiti husaliwa kwa kusimama tu. Haina kurukuu wala kusujudu. Arlette alizaliwa kwa Wakristo, lakini misiba ya majirani ilikuwa imemfundisha.

Heri akatazama kushoto, kulia. Mkono ukaingia ndani ya kanzu.

Lakini Makarov ya Arlette ilikuwa tayari shingoni mwake.

"Usitikisike, kaka."

Dereva akatimua mbio. Wanaume wakamdaka kabla hajafika porini. Nyundo ikaletwa, misumari ikang'olewa.

Kalashnikov. Zimeviringishwa ndani ya sanda.

"Wametukana wafu wetu," shehe akasema.

Arlette akapiga simu. "Nimeupata mzigo."

"Usiguse kitu," Christophe akajibu. "Amri imebadilika. Helikopta ya kampuni inakuja kuuchukua."

"Nani ameibadilisha?"

"Wakubwa."

Arlette akaizima simu. Juzijuzi mwanamke mmoja wa Wamaza alikuwa amekufa kwa uchungu wa uzazi njiani, akibebwa kwa kipoyi, machela ya miti, mabegani mwa watu. Hakuna mkubwa aliyemtumia hata baiskeli.

"Shehe, iko choo ya kina kirefu hapa?"

"Iko, nyuma ya soko."

"Mutupe zote humo. Mujaze jeneza mawe, mulipigilie, helikopta ya kampuni ibebe hayo."

Akamfunga Heri mikono, akampakia mbele yake kwenye TVS.

"Tunaenda wapi?"

"Salamabila. Utawaambia wachimbaji nani alikutuma."

"Wataniua!"

"Tutaanza kwa mudogo wangu," akasema Arlette, akiwasha pikipiki. "Yeye anasikilizaka watu."