Kabla Printa Haijagoma

Stendi ya Mikumi saa nne asubuhi haina adabu. Mabasi ya Mbeya na ya Dar yanashusha na kupakia kwa wakati mmoja, wauza mahindi wanakimbilia madirishani, na anayesimama kufikiri anasukumwa. Hapo ndipo Mwanakheri aliposimama kufikiri, mwaka 2004, na gauni lake la kitenge cha njano na ushungi mweupe, kifuani amekumbatia kitu kizito kilichofungwa khanga. Mama mmoja alikuwa ameshasogea kwenye benchi ampe nafasi, akidhani ni mtoto mchanga.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake, "mwanao ana mkia."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, mfuko wa kifuani una bisibisi mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Mwanakheri akatazama chini na kuona waya wa umeme unaning'inia kwenye khanga.

"Si mtoto, ni kompyuta."

"Naona. Anaumwa nini?"

"Hatambui fleshi. Walimu wananiletea mitihani kwenye fleshi, yeye anaikataa. Nimeelekezwa kwa fundi mmoja anaitwa Mwinshehe, yuko kwenye hoteli ya watalii."

"Basi umefika. Lete nikubebee."

"Nitajuaje kama ni wewe kweli?"

"Hutajua. Lakini mzigo huo unakulemea, dada yangu."

Akampa. Kusema kweli alimpa zaidi ya kompyuta, ila hilo alilijua baadaye.

Mwanakheri alikuwa na steshenari yake Kilosa mjini, jirani na soko. Alichapa mitihani, kadi za michango ya harusi, na zaidi ya vyote barua za posa, kwa sababu hakuna aliyepanga maneno ya heshima kama yeye. Watu walitoka Chanzuru mpaka Malolo kumfuata. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 98, nayo ilikuwa imezeeka.

"Tuweke XP," Mwinshehe alimwambia baada ya kuifungua. "Tuongeze na memori. Fleshi itasoma."

"Na printa yangu?"

"Printa yako ni ya zamani mno. XP inaweza kuikubali, inaweza kuikataa. Sitaki kukudanganya."

Mwanakheri alikuwa amezoea mafundi wanaoapa kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Huyu aliyekiri kuwa hajui alimvutia. Akasema aende akafikiri, na akafikiri miezi mitatu. Printa ikigoma, duka limekufa. Asipobadilisha, walimu wanahamia Morogoro, na duka linakufa vilevile ila polepole.

Simu ndizo zilizonoga.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amelala. Ameganda tangu asubuhi."

"Na mwenye mgonjwa?"

"Naye kaganda. Anasubiri fundi ambaye haji."

"Mwambie fundi anakuja Jumamosi, kipenzi. Atafuta vumbi tu."

Kila Jumamosi Mwinshehe alikula vumbi njia nzima ya Mikumi hadi Kilosa ili kwenda kufuta vumbi la kompyuta. Kompyuta ile haikuwa na vumbi la kiasi hicho, na soko zima lilijua.

Hatimaye mwalimu mkuu mmoja alisema muhula ujao hatarudi. Mwanakheri akaamua. "Njoo ubadilishe," alisema kwenye simu. "Nakuamini. Ila barua zangu zisipotee."

Siku hiyo Mwanakheri alitoka kwenda kuswali adhuhuri, akamwacha fundi anahamishia mafaili kwenye diski ili mfumo mpya usiyafute. Fundi mwangalifu hufungua faili moja kuona kama limehama salama. Mwinshehe akafungua moja. Ilikuwa barua ya posa. Familia ya Nassir, mkulima wa vitunguu wa Malolo, ilimwomba Mzee Mudi, kwa unyenyekevu mkubwa, mkono wa binti yake Mwanakheri.

Aliisoma mara mbili. Mzee Mudi ni baba yake Mwanakheri. Akatia diski mfukoni, akaiacha kompyuta na Windows yake ileile, akamwambia jirani kuwa amepata dharura.

Wiki mbili hakupiga simu wala kupokea. Mwanakheri alijiambia kuwa mwanamume amechoka kumngoja mwanamke asiyeweza kuamua hata jambo la kompyuta. Aliumia. Chakula kilimshinda, na kadi moja ya mchango aliichapa ikiwa na tarehe iliyokwisha kupita. Siku ya kumi na tano alipiga simu ya mapokezi ya hoteli, ambako Mwinshehe alikuwa akitunza kompyuta.

"Hoteli, karibu."

"Mwinshehe, usikate. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mchumba wa watu hapigiwi simu na fundi."

"Mchumba wa nani?"

"Nassir wa Malolo. Nimeisoma barua mwenyewe, jina lako na la mzee wako."

"Ulifungua barua ngapi?"

"Moja. Ilinitosha."

"Diski unayo?"

"Ninayo."

"Iweke. Fungua ya pili. Mimi nasubiri hapahapa, na vocha inakwenda."

Mwinshehe akafungua. Yassin, seremala wa Chanzuru, alikuwa anamposa Mwanakheri binti Mudi. Akafungua ya tatu. Yeremia, mwalimu wa Lumuma, anamposa Mwanakheri binti Mudi. Ya nne ilikuwa ya Lupakisyo, mzee wa kanisa aliyefiwa na mkewe, naye akimtaka huyohuyo Mwanakheri.

"Ziko arobaini na moja," Mwanakheri alisema. "Wote wananitaka mimi."

"Mwanakheri, hii ni nini?"

"Duka langu liko sokoni. Mtu akichungulia kioo akasoma jina la binti, habari inafika kwao kabla ya mshenga, na posa ikikataliwa binti anabaki na aibu. Kwa hiyo nikishamkabidhi mtu barua yake, kwenye nakala inayobaki nafuta jina la binti na la baba yake, naweka langu na la baba yangu. Langu halimwaibishi mtu."

Mwinshehe akalifunga faili la nne. "Nisamehe, mpenzi wangu. Ningeuliza."

"Ungeuliza. Nilidhani umenichoka kwa sababu ya hiyo XP."

"Ungebaki na ya zamani mpaka uzeeni, bado ningekuja kufuta vumbi."

Mwanakheri akalia kidogo, akacheka kidogo, na vocha ikaisha.

Jumamosi Mwinshehe alifika na CD ya XP, memori mpya kwenye pakiti yake, na kanzu nyeupe yenye nakshi shingoni. Nyuma yake alikuja mzee mwenye kofia ya kiua.

"Shikamoo baba," Mwanakheri alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni baba yake mdogo. Nimemsindikiza tu." Akaketi nje kwenye kivuli cha baraza.

"Fundi gani anavaa kanzu?" Mwanakheri aliuliza.

"Leo naanza kama mteja. Nataka barua, na nataka uichape kwa hii ya zamani, kabla printa haijagoma."

"Barua ya nini?"

"Ya posa."

Vidole vya Mwanakheri vilikuwa vyepesi siku zote, lakini safari hii vilikosea mara mbili kufungua barua ya zamani ya kuigia. "Jina la mposaji?"

"Mwinshehe Athumani, wa Mikumi."

"La mzee wa binti?"

"Liache lililopo."

Hakuuliza swali la mwisho. Mwinshehe alilijibu vilevile, kwa sauti ya chini. "Na la binti liache."

Printa ilinguruma, ikatoa karatasi. Mwanakheri aliisoma yote kama anavyosoma za wateja, akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka nje kwa mikono miwili. Mzee aliipokea na kuondoka nayo kuelekea nyumbani kwa Mzee Mudi.

Mwanakheri aliporudi kitini akaihifadhi barua. Kwa mazoea alipeleka mshale kwenye jina la binti, alifute, aweke lake. Mkono ukasimama. Akalitazama jina lile kwa muda, akaliacha kama lilivyo, na akainuka kumpisha fundi.

"Haya," alisema. "Weka hiyo XP yako."