Mikono Juu ya Usukani

Wadha alimaliza eda Jumapili, na Jumatatu asubuhi akachukua ufunguo wa gari ambalo mumewe Farhan hakuwahi kumruhusu hata kuliwasha. Leseni alikuwa nayo miaka mitatu, imelala kabatini.

Alipotaka kukata kulia kuingia barabara ya Tabuk, usukani ukamrudisha kushoto. Taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Mutlaq, ndugu wa marehemu, alicheka aliposimuliwa. "Hiyo ni kompyuta, shemeji. Inalinda gari lisitoke kwenye mstari wa barabara. Gari linajua barabara kuliko wewe, liachie."

Hakuliachia. Lakini kila alipojaribu kwenda kwa mama yake, safari ambayo Farhan aliipiga marufuku miaka kumi na minne, usukani uligeukia nyumbani, breki zikajikanyaga barabara ikiwa tupu, na ndani kukanuka tumbaku ya marehemu. Alhamisi akalipeleka gari kwa Kaidi, fundi wa Kiyemeni, akamwambia azime kila kinachojifanya dereva.

"Sikuzima tu, nimechomoa waya wenyewe," Kaidi alisema, akimwonyesha. "Sasa ni wewe na magurudumu, mama Shuruki."

Adhuhuri hiyo akaondoka na binti yake Shuruki, mwanachuo, aliyekaa nyuma ameshikilia sufuria ya kabsa, wali wa nyama, ya kumpelekea bibi yake. Mji ulipobaki nyuma, harufu ya tumbaku ikajaa. Usukani ukavutwa.

"Mama," Shuruki alinong'ona, "si waya umetolewa?"

"Umetolewa."

"Sasa nani anavuta? Ni baba?"

"Baba yako yuko kaburini. Hili ni karini lake, jini lililoishi naye likajifunza ubaya wake wote."

Na hapo Wadha akahisi vidole, vizito na vya moto, vikijipanga juu ya vidole vyake kimoja kimoja, vikimsukuma kushoto ambako lori la saruji lilikuwa likija likipiga honi mfululizo, na mguu wake ukikanyaga breki isiyoitika, na nyuma sufuria ikimwagika na Shuruki akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti iliyokatikakatika, na yeye Wadha, badala ya kutoa machozi, akasaga meno.

"Miaka ishirini nimekaa pale nilipowekwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwogesha Farhan alipougua. Nimemlilia. Eda nimeikaa mpaka siku ya mwisho. Kwako wewe sina deni. Toa mikono."

Akauvuta usukani kulia kwa nguvu zake zote. Lori likapita, upepo wake ukalitikisa gari zima. Vidole vikaachia.

Hakusimama mpaka mlangoni kwa mama yake. Alipozima injini, Shuruki hakushuka. Alikuwa amekitumbulia macho kiti cha abiria, kando ya mama yake. Mkanda wa kiti hicho ulikuwa umefungwa, umekaza, umezunguka kifua cha mtu asiyekuwepo.

Wadha akachomoa ufunguo.

"Akae hapo," alisema. "Usukani asiuguse."