Bomba Lililouliza "Nani?"

Harufu ndiyo iliyotangulia: shuka zinaungua, na pasi zote zimepoa. Wafua nguo wa hospitali walinusa, wakatazamana, wakaendelea kukunja. Kisha bomba la mvuke likanong'ona, mchana kweupe: "Nani?"

Kila mtu alijua ni nani. Bomba hilohilo lilikuwa limepasuka na kumuunguza mama mpiga pasi hadi kufa, kwa sababu vali ya usalama ilifungwa kwa waya ili mvuke uzidi na kazi iende haraka. Fundi wa mabomba alikuwa amekataa kuifunga. Meneja akamwambia, "Funga, shemeji. Likitokea la kutokea, nipo mimi." Likatokea. Meneja akawaambia wakubwa zake ni uzembe wa fundi, kaka wa mkewe mwenyewe. Mkubwa hakosei, bwana, hukosewa.

Sasa kila mara bomba lilipouliza, meneja alipaza sauti toka ofisini: "Fundi!" Na kila meneja alipojibu hivyo, fundi alipungukiwa: kwanza usingizi, kisha nguvu za miguu, kisha sauti. Wakamwita mganga.

"Huyu jini ni mwepesi," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeagiza ashike bomba, aseme 'ni mimi'. Ataondoka."

"Shemeji," fundi alisema kwa taabu, "niokoe. Nina watoto."

Meneja akashika bomba. Wallahi alitaka kusema, lakini aliufikiria mlango wenye cheo chake, na wakubwa wanaompa mkono, na atakavyoshuka ngazi mbele ya watu aliozoea kuwafokea, na bomba likanong'ona "Nani?", na mvuke ukamzunguka shingoni taratibu kama mtu anayemfunga tai, na mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea.

"Fundi."

Fundi akaanguka, mvuke ukimtoka puani. Hakuinuka tena.

Mganga akakusanya vitu vyake. "Nimekosea," alinong'ona. "Nilidhani jini anakaa kwenye bomba."

Jioni mke wa meneja alimngoja sebuleni, macho mekundu. "Baba watoto, nani kamuua kaka yangu?"

Meneja akasikia harufu ya shuka zinaungua, ikitoka kinywani mwake. Akamtazama mkewe. Akamtazama binti yao, aliyekuwa mezani anafanya hesabu za shule.

Mdomo ukaanza kufunguka.