Kosa Lililonyamazishwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kaneza alishuka ziwani na bidoni zake, madumu ya njano ya kuchotea maji. Nusu ya mtaa wao mjini Baraka, Kongo, ilishuka njia ileile, kwa maana mabomba yalikuwa machache na maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa karibu. Kabla ya kurudi nyumbani, kila mtu alipanga foleni mbele ya meza ya Mama Adolphine. Mama huyo alichota maji kidogo kwa chupa ya kioo, akatazama yamechafuka kiasi gani, kisha akavuta klorini kwa bomba la sindano na kuitia ndani ya kila bidoni. Mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani. Tangu hapo, hakuna aliyeipita meza ile bila kusimama.

Baada ya masomo Kaneza alikwenda kwenye kituo cha vijana, ambako mwalimu Bonaventure aliwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Kompyuta kuukuu ya kituo ndiyo iliyokokotoa kipimo cha klorini alichotumia Mama Adolphine. Uliiambia maji ni ya daraja gani, kuanzia la kwanza, maji safi machoni, hadi la nne, maji ya tope. Ukaiambia pia dawa ilichanganywa lini. Nayo ikakupa kipimo cha kutia katika bidoni moja. Lakini kompyuta hiyo sasa ilipata moto na kuzimika ovyo, na programu yake ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya zamani iitwayo Pascal. Mwalimu alitaka itafsiriwe katika lugha nyingine, Python, ili Mama Adolphine aitumie kwenye simu yake mwenyewe.

Kazi ya kutafsiri alipewa Darius, mvulana wa miaka kumi na minne aliyesifiwa na kila mtu kwa wepesi wake. Kaneza alipewa kazi ya kukagua. Alitakiwa kuziuliza programu zote mbili maswali yaleyale na kuona kama zinatoa majibu yaleyale.

Hazikutoa. Alipouliza daraja la kwanza, programu mpya ilijibu kipimo cha daraja la pili. Alipouliza la pili, ikajibu cha la tatu. Kaneza aliisoma programu mstari baada ya mstari mpaka akaona sababu. Vipimo vilihifadhiwa kama katika safu ya visanduku. Katika programu ya zamani, kisanduku cha kwanza kiliitwa moja. Katika Python, kisanduku cha kwanza huitwa sifuri. Darius alikuwa amehamisha maneno bila kuhamisha hesabu, kwa hiyo kila swali liliangukia kisanduku cha jirani. Na daraja la nne halikuwa na kisanduku kabisa.

"Hapa programu ingegoma," Kaneza alisema. "Mbona haigomi?"

"Iligoma," Darius alijibu bila kugeuka. "Nikaongeza mstari. Ikikosa kisanduku, inachukua cha kwanza kabisa. Sasa mashini imenyamaza, we unalalamika nini?"

"Kwa hiyo maji ya tope yatatiwa dawa ya maji safi?"

"Maji ya tope yanakuja mara ngapi? Jumamosi wageni wanakuja kuona kazi. Unataka waone nini, visanduku vyako?" Kisha akasema polepole, ili wote chumbani wasikie: "Wazazi wako walifika hapa na mikeka kichwani kutoka Burundi. Leo we ndiye wa kutufundisha?"

Wavulana wawili walicheka. Kaneza aliinuka. Alitoka akamfuata mwalimu Bonaventure, aliyekuwa uani akipanga viti vya wageni pamoja na fundi wa hema.

"Mwalimu, programu ya Darius ina kosa."

"Darius ameniambia imekamilika. Nimeshaiweka kwenye simu ya Mama Adolphine."

"Haijakamilika. Amelificha kosa. Njoo uone mwenyewe."

Mwalimu aliweka kiti chini, akamtazama kama mtu aliyechoka. "Kaneza, nilikupa kazi ya kukagua, si ya kumwonea mwenzako wivu. Rudi ndani."

Hakurudi ndani. Alichukua mfuko wake akaenda zake, na njia nzima alikuwa akisema peke yake. Wivu! Basi, na waone. Jumamosi mgeni mmoja aulize daraja la nne mbele ya watu wote, aibu iwafunike, Darius na mwalimu wake. Yeye hatasema neno tena.

Nyumbani alichukua mchi akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mama yake, Marie-Goreth, alimsikiliza kwa muda kutoka jikoni, kisha akatokeza kichwa.

"Kaneza, hayo majani umeshayaua. Unayapiga ya nini tena?"

"Hakuna kitu, mama."

Mvua kubwa ilianza wakati wa chakula. Ilinyesha milimani na ilinyesha mjini, na mito ikashuka na udongo wake wote hadi ziwani.

Asubuhi maji ya ufukweni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kaneza alisimama kwenye foleni, hasira yake ikiwa palepale. Mbele yake alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alishika kikombe cha plastiki na kukigonga kwenye bega la mama yake, akitaka maji.

Mama Adolphine aliinua chupa ya kioo. "Daraja la nne," alisema, akabonyeza simu yake. Akalitazama jibu, akavuta klorini kidogo sana, akaielekeza sindano kwenye bidoni ya yule mama.

Kaneza alikuwa amejiapiza kunyamaza. Lakini mkono wake ulitangulia, ukaziba mdomo wa bidoni.

"Mama Adolphine, usitie. Hicho kipimo ni cha uongo."

"We mutoto, toa mukono. Bantu banangoja."

"Simu inasema uongo. Programu yake ina kosa, mi nimeiona jana."

Watu walianza kunung'unika. Mwanamume mmoja alisema watoto wa siku hizi wamekosa adabu, mwingine akauliza huyu ni wa nani. Kaneza hakuutoa mkono.

"Tia bidoni moja tu," alisema. "Ungoje, halafu uyapime kwa kile kidonge chako cha kupimia klorini. Kama maji yatakuwa na rangi ya waridi, nichape mbele ya wote."

Mama Adolphine alimkazia macho. Kisha akaitia dawa bidoni ya Kaneza mwenyewe, na wengine wote akawaambia wangoje. Walingoja kwa ghadhabu. Wengine walitukana. Muda wa dawa kufanya kazi ulipokwisha, Mama Adolphine aliyachuja maji kidogo kwa kitambaa, akayatia kwenye kichupa na kuangusha kidonge. Kama klorini ilikuwa imebaki, rangi ya waridi ingejitokeza. Haikujitokeza. Tope lilikuwa limeimeza dawa yote.

Yule mama mwenye mtoto alikichukua kikombe kutoka mikononi mwa mwanawe.

"Asiondoke muntu na haya mayi," Mama Adolphine alisema. Akamwachia msaidizi wake meza, akamshika Kaneza mkono, wakapanda hadi kituoni.

Mwalimu Bonaventure alikuwa na Darius, wakifunga mapambo mlangoni. Mama Adolphine aliiweka simu juu ya meza mbele yao.

"Washeni ile mashini ya zamani. Iulizeni daraja la nne. Halafu muiulize hii."

Waliuliza. Kompyuta kuukuu ilitoa kipimo kikubwa. Simu ilitoa kidogo. Mwalimu alirudia mara nyingine, kisha akamgeukia Darius.

"Ulijua?"

Darius alitazama sakafu. "Ilikuwa inagoma, mwalimu. Wageni walikuwa karibu. Nikainyamazisha."

"Ulinyamazisha," mwalimu alisema, na sauti yake ikapanda. "Unajua maji hayo yanakwenda wapi?"

"Na wewe, mwalimu?" Mama Adolphine alimkata. "Huyu mutoto hakukuambia?"

Mwalimu Bonaventure aliishusha sauti yake. "Aliniambia," alikiri. "Nikamwita mwenye wivu. Kaneza, nimekukosea."

Kaneza alianza kuona hasira yake ikigeuka kuwa ushindi, lakini Mama Adolphine alimgeukia na yeye, akiwa na macho yaleyale makali.

"Usinitazame hivyo. Jana ulijua. Mlango wangu unaujua. Mbona ulilala?"

Kaneza alikumbuka alivyoisubiri Jumamosi, na kile kikombe cha plastiki kikaja mbele ya macho yake. "Nilikuwa na hasira," alisema. "Nilitaka waaibike."

Mama Adolphine alichukua kipimo cha kompyuta kuukuu akarudi kwa watu wake. Darius na Kaneza waliketi mbele ya skrini moja. Waliufuta ule mstari wa kunyamazisha, wakasahihisha hesabu ya visanduku, wakaziuliza programu zote mbili kila daraja na kila tarehe ya kuchanganya dawa, mpaka majibu yakalingana yote. Walipomaliza, Darius alisema, "Yale maneno ya mikeka, nisamehe."

"Nimekusikia," Kaneza alisema. Siku hiyo hakuweza kusema zaidi.

Jumamosi wageni walipofika, mwalimu Bonaventure hakuwaficha kitu. Aliwasimulia kosa lilivyozaliwa na ni nani aliyelificha, na hakusahau kusema kwamba yeye mwenyewe alikataa kusikiliza. Kisha akawageukia wanafunzi wake.

"Wanangu, kutafsiri si kubadilisha maneno tu. Ni kuhakikisha kwamba lililokuwa kweli kule limebaki kweli huku, na huwezi kulijua hilo bila kupima. Kosa linalopiga kelele linakusaidia, hata likikutia aibu. Ukilinyamazisha, linakwenda kumdhuru mtu usiyemjua. Nawe ukiujua ukweli na watu wakakukasirisha, kasirika. Lakini ukasirike huku unasema, usikasirike huku umekaa nyumbani. Maana wanaokunywa maji hawakukukosea."