Vivimbe Nyuma ya Masikio ya Syokau

Jumamosi ni siku ya kusukana kule Kola. Mutheu aliketi kwenye kigoda mlangoni, akambana binti yake Syokau katikati ya magoti.

"Mwaitu, unaniumiza!" mtoto alimlilia mama yake.

"Tulia. Karibu namaliza, mama."

Maliza gani! Kila mstari aliuvuta kwa nguvu, akauelekeza chini ufunike masikio. Nyuma ya masikio hayo kulikuwa na vivimbe viwili, vidogo kama maharagwe. Kila jioni Mutheu alivikanda kwa mwiko wenye ugali moto, navyo havikuisha. Marehemu dada yake alianza hivyo hivyo, kwa uvimbe shingoni, kumbe ni saratani. Basi Mutheu akaona heri afiche. Maskini, alikuwa ameshaanza kumlilia mtoto aliye hai.

Jirani yake Lavender, mhudumu wa afya ya jamii, alisikia kilio akaingia.

"Mbona Syokau analia hivyo?"

"Ni kudeka tu."

"Sideki!" Syokau akasema. "Ni hapa nyuma ya masikio."

Lavender alipapasa polepole. Mutheu akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

"Niambie ukweli. Ni kama ile ya dada yangu?"

"Pole sana, Mama Syokau. Mimi siwezi kujua na vidole. Lakini hebu tufumue nywele kwanza."

Walipofumua, wakaona mabaka yenye magamba, nywele zilizokatika na vidonda vyenye usaha.

"Haya ni mashilingi, ile fangasi ya kichwa," Lavender akasema. "Na hivi vivimbe ni mitoki, zile tezi za mwili. Kichwa ikiwa na vidonda, mitoki inavimba ikipigana na viini. Hata sikio ikiuma inaweza kuvimba."

"Na vile nimekuwa nikiikanda na moto!"

"Wacha kukanda, unamuumiza tu. Na hii kusuka ya kuvuta inaongeza vidonda. Twende zahanati."

Daktari alimpima Syokau, akakubali kwamba ni mashilingi.

"Mafuta peke yake haitoshi," alieleza. "Atameza dawa kwa wiki kadhaa, na aimalize hata ukiona amepona. Asishiriki kitana wala kofia. Mitoki itapungua polepole. Isipopungua, au ikiwa migumu na kuendelea kukua, au mtoto akikonda, mrudishe. Akipata homa, na nyuma ya sikio pakivimba na kuuma sana, mlete siku hiyo hiyo."

Syokau alinyolewa, akameza dawa. Wiki zikapita. Asubuhi moja Mutheu alipapasa nyuma ya masikio yake, akapapasa tena. Vivimbe vilikuwa vimekwisha. Alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke mmoja alimuuliza, "Umemnyolea nini msichana hivi?"

Mutheu hakuficha. "Alikuwa na mashilingi, na mitoki nyuma ya masikio. Ametibiwa."

Mwanamke yule akamvuta mwanawe karibu, akamvua kofia.

"Hata wangu ako nayo," akanong'ona. "Nilikuwa naogopa kusema."