Mtani wa Kujipachika

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai ya Suma, Atupele alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji ndoo mbili, na ameshamwigiza angalau mtu mmoja. Leo ni mchungaji anavyopandisha suruali kabla ya kusali. Kesho ni dereva wa bodaboda anayejidai hana haraka, huku mguu wake hautulii. Mama yake alimkaripia huku amegeuza uso asionekane anacheka. Basi mtoto akachukua kicheko, karipio akaliacha hapo hapo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na kipaji hicho hakufundishwa na mtu.

Akimaliza kazi alivuka kijito kumpitia Elina, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ambaye walikaa dawati moja. Alimsubiri nje, kando ya migomba. Ni hapo alipoanza kuona jambo lisilomhusu. Baba yake Elina, Jotham, mtu aliyezoea kubeba kapu la chai lililojaa pomoni bila kutweta, sasa alitembea akishika ukuta. Alivaa koti refu la kahawia hata jua likiwaka. Alihesabu vidonge kiganjani, akafumba macho, akavimeza, halafu mwili wote ukamtetemeka.

"Ni kifua kikuu," Elina alimnong'oneza siku moja njiani. "Nesi Agness wa zahanati amesema akinywa dawa miezi sita bila kuacha, anapona. Ila usimwambie mtu. Baba hataki kijiji kijue."

Atupele aliapa kwamba hatasema, na kweli hakusema. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi.

Mwezi wa nane alifariki mzee Ambokile, jirani yao. Siku mbili nzima mjane wake hakutia kitu kinywani. Siku ya tatu mjomba wake Atupele, Anyosisye, akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti na kofia ya marehemu, anatembea kwa matege kama marehemu, anawagombeza kuku kwa sauti ile ile ya marehemu, na anauliza nani amemaliza chai yake. Anyosisye na Ambokile walikuwa mabinamu, kwa hiyo walikuwa watani, na mtani ana ruhusa ya mila kufanya hayo msibani. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mjane alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaomba uji.

Atupele alikuwa amekaa na wasichana wenzake kwenye mkeka, na hakupepesa macho. Aliona koti, akaona kicheko, akaona uji. Akadhani ameona yote.

Wiki ile ile Mwalimu Yustina, aliyepangiwa Rungwe akitokea Lindi, alikuwa akiwafundisha historia. "Maigizo hayakuanza na jukwaa," aliwaambia. "Yalitoka kwenye sherehe: mavuno, harusi, jando, hata matanga. Kuna nchi ambazo kwa siku chache za mwaka maskini alivaa joho la mkubwa, akamcheka barabarani, na hakuna aliyemkamata. Baadaye watu wakapanga viti, wakaupa mchezo mahali pake. Lakini sherehe hizo zilikuwa na masharti yake..." Kengele ikalia. Masharti hayakuandikwa ubaoni, na wanafunzi wakakimbilia uji.

Mahafali ya darasa la saba yalipokaribia, Mwalimu Yustina alimpa Atupele kichekesho cha dakika tano. Alichagua mwenyewe mhusika, akamwita Bwana Pole. Alitembea akishika ukuta usiokuwepo, akahesabu punje za maharage kiganjani, akazimeza, akatetemeka. Wenzake kwenye mazoezi waligaragara kwa kicheko. Elina hakuwepo, alikuwa mazoezi ya kwaya.

"Bwana Pole ni nani?" Mwalimu Yustina aliuliza.

"Si mtu, Mwalimu. Nimebuni tu."

Siku ya mahafali mvua iliahirisha kunyesha, wazazi wakajaa uwanjani. Jotham naye alijikongoja kuja kumsikia binti yake akiimba, akakaa kiti cha nyuma. Atupele akatoka amevaa koti refu la kahawia aliloazima kwa jirani. Watoto wakaangua kicheko. Vijana nao wakacheka. Lakini wazee walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na bibi mmoja aliyekaa mbele alisema jambo kwa Kinyakyusa, kisha akamgeukia Mwalimu Yustina na kulirudia kwa Kiswahili: "Mwalimu, huyo mtu bado hajafa."

Jotham aliinuka. Alitaka kuondoka haraka, na pumzi ikamkatalia. Ikambidi avuke uwanja mzima taratibu, mbele ya watu wote, akitembea vile vile kama alivyotembea Bwana Pole. Watoto wadogo ambao hawakuelewa wakacheka tena. Atupele alisimama na maharage mdomoni, asiweze kuyameza wala kuyatema.

Jumatatu Elina alihama dawati. Hakumtukana. Alichukua daftari zake, akaenda kukaa nyuma peke yake.

Tangu siku hiyo, kila Jotham alipopita njiani, watoto walikohoa nyuma yake na kukimbia. Akaacha kutoka. Alhamisi, siku yake ya kuchukua dawa, hakuonekana zahanati. Nesi Agness alimfuata nyumbani na dawa mkononi, akajibiwa kupitia mlango uliofungwa.

"Ugonjwa wangu uliujua wewe, Agness. Leo unachezwa shuleni mpaka idadi ya vidonge. Umenitangaza. Dawa zako kaa nazo."

"Baba Elina, sijasema neno kwa mtu."

"Basi waliambiwa na nani? Na migomba?"

Habari zikasambaa. Nesi Agness akaitwa ofisi ya kijiji ajieleze, akatoka huko macho mekundu. Wagonjwa wengine wawili nao wakaanza kuchelewa kufuata dawa zao, wakisema zahanati inatoa siri. Mwalimu Yustina akamwita Atupele pembeni na kumwuliza kwa mara ya pili yule Bwana Pole alimtoa wapi.

"Nimebuni, Mwalimu," alisema. Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na jambo hilo lenyewe lilimtisha. Alijiambia kwamba Jotham atasahau, atarudi kwenye dawa. Aliacha kuigiza watu. Nyumbani kukawa kimya asubuhi, mama yake akadhani binti anakua.

Mwezi wa kumi na moja Elina hakufika shuleni wiki nzima. Siku ya Ijumaa, Atupele akimenya ndizi jikoni, Mjomba Anyosisye aliingia akitiririka maji ya mvua na kumwambia mama yake, "Jotham anatema damu. Hospitali hataki, zahanati hataki. Wanaume wameshaanza kuulizana nani atachimba."

Kisu kilimponyoka Atupele. Akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, Nesi hakusema. Ni mimi. Nilimwona mwenyewe mlangoni kwao kila asubuhi. Nilikuona wewe kwenye msiba, nikafanya kama wewe."

Mama yake alikaa chini. Mjomba hakumpigia kelele, na Atupele angependa afanye hivyo.

"Uliniona mimi," mzee alisema polepole. "Uliniona nikichimba kaburi tangu alfajiri? Uliniona nikiuosha mwili wa Ambokile? Nikipasua kuni za msiba?"

"Hapana, mjomba."

"Ambokile nilitaniana naye miaka hamsini. Alinicheka, nikamcheka, tukala sahani moja. Alipokufa nikafanya kazi zote za mtani, mwisho kabisa ndipo nikavaa koti lake, mjane wake apate kucheka. Wewe umemfanyia nini Jotham? Tena sisi koti la mtu tunalivaa akishakuwa udongoni. Wazee walipokuona pale shuleni, waliona unamzika mtu anayepumua. Yeye mwenyewe aliona hivyo. Ndiyo maana amelala anangoja."

Atupele alilia. Mjomba akamwacha alie kidogo, kisha akamnyanyua kwa mkono. "Machozi utamalizia njiani, mpwa wangu. Twende."

Walifika wameloa. Chumbani mlikuwa na harufu ya moshi na dawa ya majani. Jotham alikuwa amekonda kiasi kwamba Atupele hakumtambua mara moja, na Elina alikaa miguuni pake ameshika bakuli. Atupele alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Jotham hakuitikia.

"Baba, Nesi Agness hakuniambia kitu. Hakuna mtu kijijini aliyeniambia ulivyokuwa ukimeza dawa. Elina alinieleza ugonjwa wako kwa siri, mengine niliyaona nikimsubiri hapo nje. Mwalimu aliniuliza mara mbili, nikadanganya mara mbili. Nimekukosea, na Nesi nimemkosea."

Mvua ilipiga bati. Jotham alimtazama binti yake, na Elina akainamisha kichwa, kwa kuwa sasa ilijulikana kwamba na yeye alitoa siri. Baba akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Rudia hilo la Agness," alimwambia Atupele.

Akarudia.

"Kwa hiyo yule mama wa watu nimemtukana bure," Jotham alisema, akakohoa muda mrefu, mpaka Mjomba akamshika mabega. Alipopata pumzi alisema, "Mwiteni aje."

Siku hiyo hiyo walimpeleka hospitali Makandana, amefungwa blanketi kwenye gari la jirani. Daktari hakuwaficha. Kwa kuwa alikatiza dawa, matibabu yangeanza upya tangu siku ya kwanza, na pafu moja lilikuwa limeharibika vibaya. Angepona, ila asingekuwa tena yule wa zamani.

Jumatatu Atupele alisimama mbele ya wanafunzi wote mstarini na kusema aliyoyafanya, Nesi Agness akiwa kando ya Mwalimu Yustina. Baadhi walimzomea. Mjomba naye alimpa adhabu yake: angechota maji ndoo mbili kwao na ndoo mbili kwa kina Elina kila asubuhi, mpaka kidonge cha mwisho. Watoto wale wale waliokuwa wakimkoholea Jotham sasa walimkoholea yeye. Alijikaza kisabuni akapita na ndoo yake. Alikuwa anajua vizuri nani aliwafundisha.

Ikafika Juni. Jotham alimaliza dawa, na Nesi Agness alikuja mwenyewe kumwambia kwamba vipimo ni safi. Lakini kapu la chai hakulibeba tena, mkewe na watoto ndio wanaochuma. Kanisani aliacha kwaya, maana sauti yake nzito haikuwa na upepo wa kuisukuma. Na Elina, hata baada ya miezi yote hiyo ya maji, alimpokea Atupele ndoo na kuingia ndani bila maneno.

Siku ya wazazi shuleni ilikaribia. Mwalimu Yustina alitunga igizo kuhusu kifua kikuu, na safari hii, kabla ya jukwaa, aliwaleta waigizaji watano nyumbani kwa Jotham. Walicheza uani, kati ya migomba, Atupele akicheza nafasi ya mgonjwa. Jotham alitazama mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kikohozi siyo hivyo," alisema. "Ninyi mnakohoa kooni. Hiki kinatoka huku chini, na ukimaliza unaogopa kuvuta pumzi, maana unajua kitarudi. Onesheni huo woga. Watu wauone, waende kupima mapema." Akawaonesha. Hakuna aliyecheka.

Wenzake walipotangulia, Atupele alibaki. "Baba, umenisamehe?"

"Nilikusamehe zamani, mwanangu. Usingesema ukweli siku ile, mimi ningekuwa chini ya ardhi, na Agness angebeba lawama maisha yake yote. Ila sikia. Kumwigiza mtu ni sawa na kuingia nyumbani kwake. Unabisha hodi, unangoja ukaribishwe, na ukishaingia unasaidia kazi. Mtani anayejua kazi yake hufanya hivyo, na mwigizaji wa jukwaani naye afanye vivyo hivyo. Ukiingia bila hodi wewe ni mwizi, hata kama watu wanakupigia makofi."

"Na Elina, baba?"

"Elina siwezi kukusamehea mimi. Yupo jikoni."

Atupele alizunguka nyuma ya nyumba. Elina alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za jioni, mgongo ameuelekeza mlangoni.

"Hodi," alisema Atupele, akasimama nje ya kizingiti.

Elina alimenya ndizi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Atupele hakusogea wala hakusema tena.

"Kisu kingine kipo hapo juu ya kinu," Elina alisema, bila kugeuka.