Mgeni kwa Sauti ya Naila

Hodi ile ilipigwa mchana kweupe, pale Tangini, Kibaha, na Naila akaitikia bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Karibu," alisema.

Hakuingia mtu. Pazia la mlango lilitikisika kidogo, ikapita harufu ya udi uliolowa maji, basi. Ilimchukua muda kujua kilichomsumbua. Ile hodi ilikuwa ya sauti yake mwenyewe, na simu yake ilikuwa imezimika, iko kwenye chaji.

Sasa usimwone mjinga. Kazi ya Naila ni kubuni programu za simu: kitufe kikae wapi, neno gani liandikwe, mtu asipotee. Husafiri kuangalia watu wanavyozitumia, na akirudi ana vituko vya kumchekesha mumewe, Shomari. Yupo mwalimu Kisarawe anayeisalimia simu kwanza ndipo aandike. Yupo mama anayegusa kioo kwa ncha ya ukucha, kama anayeonja uji wa moto. Na karibu wote hubonyeza "Sawa" kabla hawajasoma walichoulizwa. Naila akiigiza hayo, Shomari hushika mbavu.

Safari ya mwisho alikwenda Chole, huko huko Kisarawe, na programu ya wakulima wa mihogo. Mnunuzi akitaka kuzungumza nawe, simu inapiga hodi, wewe unagusa "Karibu". Wazo lilikuwa lake na alilipenda vibaya mno. Akataka kuirekodi hodi yenyewe kwa sauti yake, mahali pasipo kelele, na pasipo kelele palikuwa nyumba moja tupu nyuma ya kwa Bi Raudha, mama mtu mzima anayetibu watu kijijini pale.

"Nyumba ile haipigwi hodi, mwanangu," Bi Raudha alimwambia.

"Kwani kuna nani, Bibi?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana haipigwi."

Naila akacheka, akaenda, akasimama mlangoni, akarekodi. Kumkataza Naila jambo ni kujichosha bure.

Haya. Baada ya mchana ule, binti yao Swaumu, wa miaka mitatu, akaanza kujisogeza mkekani wakati wa kula, anaacha nafasi pembeni yake. Anamega tonge, analiweka pale. Ukimnusa nywele, zinanuka udi uliolowa.

Jioni moja, jua halijazama, Naila yuko jikoni anakuna nazi, akasikia sauti yake ikiita kutoka stoo, taratibu, kwa mapenzi, "Swaumu, njoo kwa mama," na mtoto akaitika "Abee" akakimbilia huko, na Naila akaacha mbuzi na kifuu akamkimbilia huku akimwita kwa jina, na mtoto akasimama, akamtazama mama yake, akatazama stoo, akamtazama tena, hajui aende kwa yupi, na stoo ikaita mara nyingine kwa upole kumshinda Naila, maana Naila alikuwa analia, na mtoto akachagua upole, na kama asingedakwa gauni pale kizingitini, sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

"Baba Swaumu," Naila alinong'ona kwenye simu, "kuna kitu kinamwita mtoto kwa sauti yangu. Kitanichukulia mwanangu."

Shomari hakucheka. "Mshike, usimwachie. Nakuja."

Asubuhi yake Shomari akamleta Bi Raudha kutoka Chole. Mama yule alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nilikwambia. Ulikwenda kwake ukapiga hodi, naye kaja kwako, umemkaribisha. Huyo ni mgeni. Hafukuzwi, anaagwa. Utamtoa wewe uliyemkaribisha. Akishavuka mlango mwambie kwaheri, basi, unyamaze. Ukiongeza neno, mimi sina la kukusaidia."

Shomari akamkumbatia mtoto kifuani. Bi Raudha akafukiza ubani mbele ya stoo, akasoma kwa sauti ya chini, mpaka mlango ukafunguka wenyewe na nyayo za maji zikaanza kujichora sakafuni, moja, nyingine, polepole kama za mtu mwenye adabu, na Naila akatembea kando yake, meno yanagongana, kama unavyomsindikiza mgeni yeyote, mpaka pazia likajiinua na nyayo zikatokea nje kwenye mchanga.

"Kwaheri," Naila akasema.

"Kwaheri," sauti yake ikajibu kutoka uani. "Ahsanteni. Mmenitunza vizuri."

Machozi ya shukrani yakamtoka Naila. Alikuwa amelelewa vizuri, na ulimi haukumngoja.

"Ahsante nawe," akasema. "Karibu tena."

Mkono wa Bi Raudha ulimfika mdomoni maneno yameshatoka. Naila akageuka, akaenda kumchukua mwanawe, akanyoosha mikono. Swaumu akainamia pembeni kifuani mwa baba yake, akaipitisha mikono yote miwili kando ya mama yake, akiielekeza mlangoni.

"Mama," akasema, akitabasamu.